NYUMBA NA JAMAA: Ngazi Kuukuu za Mlangoni



Mvua zikikoma katika nchi yetu ya Kivu, mnamo mwezi wa sita, nyundo huanza kulia mitaani. Ndio wakati wa kutengeneza nyumba. Mmoja apaka chokaa, mwingine abadili mabati, wa tatu aziba nyufa za ukuta wa mbele. Ni vema, maana kiangazi ni kifupi, na kazi ya simenti haipatani na mvua kubwa. Lakini twaona kwamba watu wengi huanza na kile kitakachosifiwa na wapita njia. Hutengeneza ukuta na madirisha, wala hawatazami kile wanachokikanyaga kila siku, yaani ngazi za mlangoni.

Katika mji wa Bukavu jambo hili si dogo. Mji wetu umejengwa juu ya miteremko, karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, wala viwanja vya tambarare si vingi. Kwa ajili hiyo nyumba nyingi zina ngazi mbele ya mlango. Baadhi yake zilijengwa zamani, wakati mji ulipokuwa ukiitwa bado Costermansville, au katika miaka ya 1950, Ofisi ya Makao ya Waafrika iliyoanzishwa mwaka 1952 ilipojenga mitaa mizima ya matofali. Nyumba hizo zimepita miaka sitini, na nyingine sabini. Kuta zake zingali imara, lakini ngazi zake nyingi zimechoka.

BARUA YA BABA MMOJA

Baba mmoja wa jamaa ametuuliza shauri. Nyumba yake aliirithi kwa marehemu baba yake. Mbele ya mlango kuna ngazi ya zege yenye vipandio 4, au kama mafundi wetu wasemavyo, ngazi ya beto. Ngazi hiyo imeinamia upande wa ukuta, na kati yake na ukuta pana ufa wa kuingiza kidole. Baada ya majuma matatu wakwe watakuja kuleta mahari ya binti yake. Yeye ataka kupiga plasta mpya juu ya vipandio na kuvipaka rangi, ili wageni waone nyumba nzuri. Mkewe asema ngazi ivunjwe yote. Tena kuna bibi mzee, mama mzazi wa baba huyo, atembeaye kwa fimbo: yeye hajashuka uani tangu mwezi wa nne, maana aiogopa ngazi ile. Nani ana haki?

Hatutaki kumhukumu mtu katika nyumba yake. Lakini kabla ya kununua rangi, yafaa tujue kwanza kwa nini ngazi imeinama.

UGONJWA WA NGAZI

Anayejenga nyumba huchimba mtaro wa msingi. Ukuta ukiisha kuinuka, mtaro hujazwa udongo tena. Udongo huo uliorudishwa haukushindiliwa kama ule ambao haukuguswa tangu kuumbwa kwa kilima. Na ni juu ya udongo huo huo kwamba mafundi wengi humwaga zege la ngazi. Mwaka kwa mwaka udongo washuka, na ngazi yashuka pamoja nao, hasa upande wa ukuta. Hapo vipandio huinamia nyumba, na maji ya mvua, badala ya kwenda uani, hukimbilia msingi. Ufa huyanywa, udongo hulainika, ngazi huzidi kushuka.

Ugonjwa wa pili hutoka ndani. Mafundi wengine walitia vyuma katika zege, karibu mno na uso wake. Maji yakivifikia, hushika kutu, na kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi kuliko chuma chenyewe. Chuma chavimba, zege lapasuka na kubanduka vipande vipande. Plasta mpya juu ya chuma chenye kutu ni sawa na bendeji safi juu ya kidonda kisichooshwa. Itapendeza kwa miezi michache, kisha itabanduka pamoja na kile kilichokuwa chini yake.

JE, IVUNJWE AU ITENGENEZWE?

Si kila ngazi yenye ufa inayostahili kuvunjwa. Ziko njia za kuijaribu zisizohitaji fedha nyingi.

Kwanza, gonga kila kipandio kwa nyundo ndogo. Zege zima hutoa sauti kali. Zege lililobanduka, au lenye shimo chini, hutoa sauti ya ngoma.

Pili, weka pima maji juu ya vipandio. Vikiinamia uani kidogo, ni vema. Vikiinamia ukuta, ngazi imeshuka.

Tatu, weka shahidi. Mafundi hupaka kibandiko chembamba cha plasta juu ya ufa, kikishika pande zote mbili, na kuandika juu yake tarehe. Baada ya majuma kadhaa wakitazame. Kama ki kizima, ngazi imetulia tangu zamani, na ufa waweza kuzibwa. Kama kimepasuka, ngazi yaendelea kutembea. Ngazi itembeayo haiponi kwa plasta.

Baba aliyetuandikia asema kwamba ufa wake ulizibwa mara mbili, na mara mbili ulifunguka tena. Basi, shahidi amekwisha kunena. Katika jambo hili mama wa nyumba ana haki: ngazi ile yapasa kuondolewa.

MZIGO UNAPIMWAJE?

Watu hufikiri kwamba kuvunja ni kazi ya asubuhi moja. Na tufanye hesabu pamoja, nanyi wanafunzi mshike kalamu.

Ngazi ina vipandio 4. Kila kimoja kina kimo cha sentimita 17, kina cha sentimita 30, na upana wa meta 1.20. Chini ya kipandio cha kwanza kuna tofali moja la zege la kipimo hicho. Chini ya cha pili kuna mawili. Chini ya cha tatu matatu. Chini ya cha nne manne. Jumla ni 10. Zidisha 0.17 kwa 0.30, kisha kwa 1.20, kisha kwa 10. Utapata meta za ujazo 0.61 hivi. Meta moja ya ujazo ya zege yapata kilo 2,400. Basi ngazi ile ndogo ina uzito wa kilo 1,470 hivi, karibu tani moja na nusu. Kigari cha mkono kikichukua kilo 100, ni safari 15. Tena zege likivunjwa, vipande haviketi vizuri pamoja, na kifusi chaweza kuzidi ujazo wa kwanza kwa nusu yake.

Hesabu hiyo ni ya ngazi iliyojaa zege tupu. Wako mafundi walioiba simenti kwa werevu: walifanya ganda la zege juu, na ndani wakajaza mawe na udongo. Ngazi ya namna hiyo ni nyepesi kidogo, lakini ni ya hatari zaidi, maana ganda laweza kubomoka ghafula chini ya miguu ya mwenye kupiga nyundo. Kwa hiyo toboa kwanza tundu moja ubavuni, ujue ndani mna nini.

UTARATIBU WA KUVUNJA

Kabla ya pigo la kwanza, uliza maswali matatu. Je, bomba la maji au waya wa umeme wapita chini ya ngazi? Je, nguzo ya baraza yasimama juu yake? Na je, watu wa nyumbani wataingia kwa mlango gani? Kama nguzo yasimama juu ya ngazi, paa lazima lishikiliwe kwa miti imara kwanza, na mtu wa kulipima awe fundi, si kijana wa kubahatisha.

Kisha tenga ngazi na nyumba. Kwa tindo na nyundo, au kwa mashine ya kukatia zege, fungua mstari wote mahali ngazi inapogusa ukuta. Usipofanya hivyo, kila pigo litapita katika zege hadi kwenye matofali ya nyumba, nawe utavunja ngazi na kupasua ukuta kwa siku moja.

Anza juu, kwenye pembe na kingo, ushuke kidogo kidogo. Zege halivunjiki upesi katikati, mahali linaposhikwa pande zote. Huvunjika ukingoni, mahali lisipokuwa na jirani wa kulisaidia. Usichimbe kamwe chini ya vipandio vizito na kuweka mguu hapo. Uzito wa tani moja haupigi hodi.

Zege gumu likikataa nyundo, toboa mstari wa matundu, ukatie kabari za chuma, uzipige moja moja kwa zamu. Pigo moja hapa, moja pale, hata ufa ujifungue wenyewe katika mstari ulioutaka. Njia hiyo ni ya kale sana, wapasua mawe waitumia tangu karne nyingi, nayo hutikisa nyumba kidogo kuliko nyundo kubwa. Vyuma vikitokeza, vikate kwa msumeno wa chuma, usivikunje na kuviacha, maana vyaweza kumchoma mtoto. Wala mtu asiwashe moto juu ya zege ili kulipasua: maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke, na vipande huruka kama risasi.

MWENYE KUSHIKA NYUNDO

Hapa twataka kusema neno juu ya kibarua. Mara nyingi twamwona kijana miguu mitupu, macho wazi, akipiga nyundo ya kilo tano toka asubuhi hadi jioni kwa mshahara wa siku moja. Kipande kidogo cha zege chatosha kumwondolea jicho. Na ndani ya mchanga na mawe ya zege mna kitu kiitwacho silisi. Vumbi lake ni jembamba mno, laingia mapafuni wala halitoki tena. Wachimba migodi na wapasua mawe waujua ugonjwa wake, uitwao silikosi. Kitambaa cha kawaida puani hakilizuii vizuri. Yafaa kifuniko cha pua kilichofanywa ili kuchuja vumbi, na yafaa maji: nyunyiza zege kabla ya kulipiga au kulikata, na vumbi litashuka.

Umpe kijana viatu vigumu, miwani ya kazi na maji ya kunywa. Ukisema kwamba vitu hivyo ni ghali, fikiri tena: yule unayemwita kazini ni mwana wa mtu, na jamaa yake itakula kwa mikono yake mwaka huu na mwaka ujao. Watoto wa nyumba wakae mbali, maana mchezo wa kutazama nyundo huwavuta kuliko mpira.

KIFUSI KIENDE WAPI?

Wakaaji wa miteremko, tusikilizane. Kifusi kilichotupwa mferejini leo kitageuza maji ya mvua mwezi wa tisa, na maji hayo yataingia katika nyumba ya jirani wa chini. Jirani huyo hakukualika kuvunja ngazi yako. Vipande vya zege vina kazi: vikipondwa, hufaa kuwa tabaka la chini la njia au la sakafu ya ua. Vipange mahali penye msingi imara, mbali na ukingo wa mteremko, kwa kuwa uzito mwingi juu ya ukingo huamsha udongo unaotaka kuteleza.

UKUTA ULIOFUNULIWA

Ngazi ikiisha kuondoka, ukuta uliofichwa tangu zamani utaonekana. Usiharakishe kuufunika. Utazame matofali: je, yana maji, yamemomonyoka, yana chumvi nyeupe? Uache upepo uukaushe, badili matofali yaliyooza, tengeneza viungo. Nyumba nyingi hugunduliwa ugonjwa wake wa kweli siku ile tu. Hapo ndipo msemo wa wazee unapofaa, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ngazi mpya isimame juu ya udongo mgumu usioguswa, au juu ya tabaka la mawe lililoshindiliwa vizuri. Kati yake na nyumba acha nafasi ya sentimita moja au mbili, uijaze kitu laini na kuifunga juu kwa lami, maji yasiingie. Nafasi hiyo ina maana. Tarehe 3 Februari 2008, dominika asubuhi, tetemeko la nguvu 5.9 lilipiga Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Nchi ikitikisika, ngazi ina mwendo wake na nyumba ina mwendo wake. Vikifungwa pamoja vibaya, vyagongana na kupasuana. Na kila kipandio kiinamie uani kidogo, sentimita moja au mbili kwa kila meta, ili maji yaondoke.

KIPIMO CHA GOTI

Mwaka 1675 mjenzi mmoja wa Ufaransa, Nicolas-François Blondel, alifundisha sheria ambayo mafundi waifuata hata leo. Chukua kimo cha kipandio mara mbili, ongeza kina chake: jumla iwe kati ya sentimita 60 na 64 hivi, maana ndiyo hatua ya mtu. Ngazi ya baba yetu ilikuwa na 17 mara 2, kuongeza 30, yaani 64. Sheria haikuvunjwa. Lakini hatua hiyo ni ya mtu mwenye nguvu, si ya bibi mwenye fimbo.

Kimo chote ni sentimita 68. Tukigawanya kwa vipandio 5 badala ya 4, kila kimoja kina sentimita 13.6. Tukitoa kina cha sentimita 36, jumla ni 63.2, nayo ni hatua njema. Gharama yake ni sentimita 60 za ua, kwa kuwa ngazi itakuwa na urefu wa meta 1.80 badala ya 1.20. Je, sentimita 60 za ua ni nyingi kuliko bibi kukaa chumbani tangu mwezi wa nne?

Msimwamulie jambo hili bila yeye. Pangeni mbao juu ya matofali, kwanza kwa kimo cha sentimita 17, kisha kwa 14. Mshikeni mkono, apande, ashuke, na goti lake liseme. Vimo vyote viwe sawasawa, maana mguu hukumbuka kipandio cha kwanza na kutazamia cha pili kiwe vile vile; tofauti ndogo yatosha kumwangusha mtu. Na ubavuni pawe na mhimili wa kushika, wenye kimo cha sentimita 90 hivi.

NA WAGENI JE?

Twarudi kwa majuma matatu. Zege jipya hutiwa maji na kufunikwa siku 7 angalau, nalo huhesabiwa kuwa na nguvu zake kamili baada ya siku 28. Ukiongeza siku za kuvunja, za kukausha ukuta na za kushindilia udongo, mahari itafika kwanza. Kwa hiyo baba ana haki katika jambo moja: siku ya wageni haitoshi kwa kazi nzuri. Lakini dawa yake si rangi. Avunje sasa, asafishe ua, aweke ngazi ya mbao nene, pana, yenye mhimili, iliyofungwa vema isitikisike. Zege limwagwe baada ya sherehe, kabla mvua hazijarudi. Hakuna mkwe mwenye adabu atakayeidharau nyumba kwa ajili ya ngazi ya mbao iliyo imara. Lakini mzee wa watu akianguka mlangoni siku ya mahari, neno hilo litasemwa miaka mingi katika jamaa zote mbili.

Nanyi wanafunzi, tunawaachia kazi. Chukueni rula, mpime ngazi za nyumbani na za shule: kimo mara mbili, kuongeza kina. Andikeni jumla kwa kila kipandio. Mkiona kimoja kisichofanana na wenzake, mwambieni mwenye nyumba, kabla mguu wa mtu haujamwambia.

Juma lijalo tutasema juu ya mifereji ya maji ya paa.